Hasara ya Jirani na Dhuluma ya Jirani

Jirani yako akifanya jambo katika ardhi yake mwenyewe, nawe ukapata hasara kwa jambo hilo, je, amekudhulumu? Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo, kwa kuwa mtu aliyepungukiwa na riziki haoni tofauti kati ya kuumia na kuonewa. Lakini swali si jepesi. Mahali pamoja lilipopimwa kwa muda mrefu ni Uingereza ya zama za kati, katika magomvi ya mabwana wa ardhi waliopakana mitoni. Huyu ana ukingo wa huku, yule ana ukingo wa ng'ambo, na katikati unapita mto ambao hapana hata mmoja wao aliyeuchimba.

Tusidhani kwamba magomvi hayo yalikuwa ya kipuuzi. Mto ulizungusha vinu vya kusaga nafaka, ulileta samaki, ulibeba mashua, nao pia ulikata njia. Aliyeinua boma ili apate maji ya kinu chake alijaza bwawa lake, na papo hapo akagharikisha malisho ya mwenzake wa juu. Aliyefunga uzio wa samaki kutoka ukingo hadi ukingo alishiba yeye, na mashua za wengine zikakwama. Jambo hili la uzio lilikuwa zito hata likaingia katika Magna Carta ya mwaka 1215, ile hati ambayo mabwana wakubwa walimlazimisha Mfalme John kuikubali. Iliamriwa humo kwamba kila uzio wa samaki uondolewe katika mito ya Thames na Medway na katika Uingereza yote, isipokuwa ule wa pwani ya bahari.

Kabla ya hapo, mnamo mwaka 1166, Mfalme Henry II alikwisha kuweka utaratibu wa kumsaidia aliyeondolewa katika ardhi yake hivi karibuni. Watu 12 wa jirani hiyo walikwenda kuitazama ardhi kwa macho yao, kisha wakaulizwa: je, huyu ameondolewa pasipo haki na pasipo hukumu? Hawakuulizwa ni nani mwenye ardhi tangu asili. Swali hilo kubwa liliachwa kwa siku nyingine. Baadaye utaratibu wa namna hiyohiyo ulimfaa pia aliyegharikishiwa malisho au kuzibiwa njia, na akishinda, boma lilishushwa na njia ikafunguliwa. Naipenda busara hii. Kwanza mkono wa mwenye nguvu uzuiwe, ndipo ichunguzwe nasaba ya madai.

Mpaka hapo twaenda vizuri, maana maji yaliyoingia malishoni mwa mtu huonekana. Lakini itakuwaje ikiwa jirani hakugusa kitu chako hata kimoja, ila amekupunguzia wateja? Nani kati yetu hajamsikia mwenye duka akimlaani mwenzake aliyefungua duka la pili mtaani?

Mwaka 1410 walimu wawili wa Gloucester walimshitaki mwalimu wa tatu aliyefungua shule katika mji huohuo. Walilalamika kwamba zamani walipokea peni 40 kwa mtoto katika kila robo ya mwaka, na sasa wanapata peni 12 tu. Katika kulijadili shauri hilo, jaji mmoja aitwaye Hankford alitoa mfano wa kinu. Mimi nina kinu, jirani yangu naye akajenga kinu chake, faida yangu ikapungua. Nimepata hasara kweli, wala hakuna anayeikana; hata hivyo sina la kumshitaki. Lakini jirani huyo akiyageuza maji yasifike kinuni kwangu, hapo amenidhulumu, nami ninayo haki ya kudai. Walimu wale hawakufaulu.

Basi hasara ni kitu kimoja, na dhuluma ni kitu kingine. Maneno haya humchoma aliyepungukiwa, lakini nadhani ni kweli. Lau kila hasara ingekuwa dhuluma, aliyetangulia kufika mtoni angemiliki jasho la wote watakaofika baada yake.

Sasa, msomaji, angalia mahakimu walivyosema juu ya kivuko. Katika miaka ya 1440 mfano wa kinu uliletwa tena, ukawekwa kando ya mfano wa mtu mwenye haki ya kale ya kuvusha watu mtoni. Jirani akianzisha kivuko kingine karibu, je, mwenye kivuko cha kwanza ana neno? Hapa walisema kwamba analo! Jaji Paston alieleza sababu: mwenye kivuko amefungwa na wajibu wa kukidumisha, kukitengeneza na kuwavusha watu, na asipofanya hivyo hutozwa faini. Msagaji aweza kufunga kinu chake kesho akaenda zake. Mwenye kivuko hawezi. Usiku wa mvua, msafiri mmoja akisimama ukingoni na kuita, mashua hapana budi iwepo.

Hoja hii yastahili kukaa moyoni. Haki ya yule mwenye kivuko kulalamika haikutoka katika mali yake, wala katika ukubwa wa hasara yake. Ilitoka katika mzigo alioubeba kwa ajili ya watu asiowajua. Sisi tumezoea kuhesabu kwanza tunachodai, kisha, muda ukibaki, tunachodaiwa.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba hoja hiyo ni pazia zuri la tajiri, kwani atataja wajibu wake ili awafukuze washindani, kisha apandishe nauli. Naikubali hofu hiyo. Wajibu usiosimamiwa ni jina tu, na ndiyo maana ile faini haikuwa jambo dogo. Tena wenye nguvu waweza kuutupa wajibu juu ya wanyonge. Magna Carta hiyohiyo ilikataza kijiji au mtu yeyote kulazimishwa kujenga madaraja mitoni, isipokuwa wale waliopasika tangu kale.

Hao waliopasika tangu kale twawaona wazi huko Rochester, katika jimbo la Kent, penye daraja la mto Medway. Orodha iliyohifadhiwa katika kitabu cha karne ya 12 yaonyesha daraja lenye nguzo 9, na kila nguzo ina wenyewe: hii ni ya Askofu wa Rochester, hii ya mfalme, hii ya Askofu Mkuu wa Canterbury, hizi mbili za watu wa Hoo. Kila ardhi ilijua nguzo yake na mbao zake. Ni mgawanyo wa haki, lakini una udhaifu: mvivu mmoja akiacha nguzo yake ioze, uaminifu wa wengine wanane hauvushi mtu.

Mwaka 1381 barafu na mafuriko viliibomoa kazi hiyo yote. Ndipo walipotokea Sir John de Cobham, bwana wa jirani, na Sir Robert Knolles, askari aliyetajirika katika vita vya Ufaransa (na mali ya vita, sote twajua, haikosi machozi ya watu). Walijenga daraja la mawe, likakamilika mwaka 1391. Cobham na wengine wakatoa ardhi ili mapato yake yalitunze, na wakawekwa walinzi wawili wa kuisimamia kazi. Taasisi iliyozaliwa hapo ingali inatunza madaraja ya Rochester hadi leo, na mtu avukaye hatozwi kitu.