Mali Ni Mjumbe Wako

Ndugu msomaji, mtu wa Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, akiisha kuuza nazi zake huweza kusema: "Fedha ni zangu, nazitumia nipendavyo." Na wenye kuitafuta dini hutuuliza: ikiwa mtu hakuiba wala hakudhulumu, dini yaingiaje mfukoni mwake?

Tuanze na maneno yenyewe. Neno la Kiingereza spend, yaani kutumia fedha, asili yake ni neno la Kilatini expendere, maana yake kupima kwa mizani. Kwani zamani malipo yalipimwa kwa uzito. Kiswahili chetu kimekwenda mbali zaidi: kutumia kumetokana na kutuma. Basi mali ni mjumbe, nawe ndiwe uliyemtuma. Mjumbe akifanya uharibifu, nani ataulizwa?

Na neno ubadhirifu limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni kutawanya mbegu. Mkulima wa Kanga aijua vyema maana hiyo. Mnazi hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, wala hakuna aitupaye nazi ya mbegu juu ya mwamba. Lakini wapo wanaokopa ili kulisha kijiji kizima siku ya arobaini, kwa kuogopa maneno ya watu. Na kesho yake mayatima wa marehemu hawana hata daftari. Mbegu imetupwa mwambani, na marehemu hakufaidika kitu.

Kurani Tukufu, katika Sura Bani Israili, imewaita wabadhirifu ndugu za mashetani. Lakini kwanza imeamrisha jamaa, maskini na msafiri wapewe haki yao. Tazama: ni haki yao, si hisani yetu. Basi yule asemaye hakudhulumu na afikiri tena, kwani huenda alichokitapanya kilikuwa cha wengine. Bahili naye hasalimiki, maana amemfungia mjumbe ndani.

Mtukufu Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba Siku ya Kiyama mtu ataulizwa juu ya mali yake: aliichuma wapi, na aliitumia katika nini. Wengi wetu tumejiandaa kwa swali la kwanza tu.

Basi, ndugu, jioni uhesabupo fedha zako, jiulize: leo nimemtuma wapi mjumbe wangu? Mwenyezi Mungu atujaalie jibu lisilotuaibisha mbele Yake. Amin.