Namna Hubadilika, Haki ya Mtu Hubaki

Ndugu zangu wa Lanet, Nakuru, wazee kwa vijana, nawaandikia nasaha hizi wakati ambapo barakoa zimesahaulika kabatini na hakuna tena foleni ya kunawa mikono kwenye lango la soko. Nimeuchagua wakati huu kwa makusudi. Mtu aliyetulia husikia nasaha. Aliyekwisha kuingiwa na hofu husikia hofu yake tu. Na kwa kuwa ugonjwa mwingine unaweza kubisha hodi siku yoyote, ni vyema tuyaweke sawa yale tuliyofunzwa na ule uliopita.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 13 Machi 2020. Maambukizi yalipozidi kupanda, yalitukuta katikati ya Julai, mwezi ambao huku kwetu jua huchelewa, mvua hunyesha alasiri, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Kila mtu alitaka kujifungia ndani na wenzake apate joto, na ndani na wenzake ndiko ugonjwa ulikopenda kukaa. Baridi ilituvuta karibu na maradhi yakatusukuma mbali.

Hata hivyo sisi si wageni wa mabadiliko. Homa kuu ya mwaka 1918 iliingilia bandari ya Mombasa ikapanda bara, na mababu zetu wakaipita. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, wapo waliofika upande wa Pipeline wakiwa wakimbizi wa ndani, na leo ni majirani wenye nyumba na mashamba. Na mwaka wa Korona, Ziwa Nakuru lilikuwa limefurika hadi likameza lango kuu la hifadhi. Ardhi yetu yenyewe hubadilika, sembuse maisha yaliyo juu yake.

Neno langu kuu ni hili. Kila mwenzako ana haki kwako: haki ya salamu, haki ya kujuliwa hali akiugua, haki ya kuzikwa kwa heshima, haki ya kuambiwa kweli, haki ya kulipwa jasho lake. Ugonjwa unaweza kubadili namna ya kutimiza haki hizo, lakini hauwezi kuzifuta. Anayelishika hili hakosi matumaini, kwa sababu kila kukicha ana mtu wa kumtendea jambo.

Nasaha ya kwanza: Usitundike tumaini kwenye tarehe

Shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020, wazazi wengi waliwaambia watoto kwamba ni wiki chache tu. Tarehe 7 Julai, Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea na kwamba shule zitafunguliwa Januari 2021. Baadaye mambo yakageuka tena: tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi, na wenzao wakafuata tarehe 4 Januari. Mtoto aliyeahidiwa wiki chache alivunjwa moyo mara ngapi? Na kila alipovunjwa moyo, neno la mzazi lilipungua uzito.

Mwambie mtoto unalolijua na ukomee hapo. Mwambie, "Shule itafunguliwa, siku yake hatujaambiwa, na leo saa tatu tutasoma pamoja." Hapo umempa kweli, na umempa jambo la kushika mkononi. Tumaini linalotegemea tarehe hufa tarehe inapopita. Linalotegemea kazi ya leo huamka nawe kesho.

Ndivyo ilivyo pia kwa habari za kupokezana. Ukitumiwa ujumbe wa dawa ya ajabu au wa vifo visivyothibitishwa, uache ufie kwenye simu yako. Anayesambaza uvumi huwaibia majirani usingizi, na usingizi hauna wa kuulipa.

Nasaha ya pili: Mkono ukirudi nyuma, moyo utangulie

Huku kwetu kumnyima mzee mkono ni tusi. Zuio la kushikana mikono lilipokuja, wapo walioona haya wakaendelea kushikana, na wapo waliokwepa watu barabarani kana kwamba hawakuwaona. Pande zote mbili zilikosea njia. Ukikutana na mzee, simama umbali unaofaa, vua kofia, weka mkono kifuani, kisha mwambie sababu kabla hajajiuliza: "Mzee wangu, nakuheshimu, ndiyo maana sikupi mkono leo." Baada ya hapo muulize habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na umsubiri ajibu. Salamu iliyopungukiwa mkono na ilipwe kwa muda.

Na wewe mzee, kijana akikusalimu hivyo, mpokee. Usimwambie mbele za watu kwamba amesahau mila. Anajaribu kuilinda mila kwa kukulinda wewe unayeibeba.

Nasaha ya tatu: Mheshimu aliyebadili kazi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi walipoumia kimyakimya.

Walimu walioajiriwa na serikali waliendelea kupata mshahara shule zilipofungwa. Walimu wengi wa shule za kibinafsi hawakupata kitu. Pamoja nao walikuwamo wahudumu wa hoteli, waongozaji wa watalii, na makondakta ambao matatu yao ya abiria 14 yaliamriwa kubeba 8. Kando ya barabara kuu ya Nairobi, watu ambao jana walivaa tai walifungua buti za magari wakauza mayai, vitunguu na viazi. Wengine waliingia kwenye bodaboda, wengine wakafuga kuku kwenye ploti ya nusu robo ekari.

Ukimkuta mtu wa namna hiyo, usimwonee huruma kwa sauti. Usimwambie, "Kumbe siku hizi uko huku." Msalimu kwa jina ulilomwita siku zote. Kama alikuwa Mwalimu, ni Mwalimu hata akipima sukuma wiki. Nunua kwa bei aliyotaja. Kupunguziana bei ni desturi ya soko, lakini kwa mtu anayejifunza biashara akiwa na njaa, desturi hiyo iache kwanza. Mazao yake yakiwa mazuri, mwambie jirani wa pili. Hiyo ndiyo sadaka isiyomwaibisha anayeipokea.

Na wewe uliyebadili kazi, nakuambia kama ndugu: usiitukane kazi iliyokulisha. Usiseme, "Hii si kazi, najishikiza tu," mbele ya mama aliyewasomesha watoto wake kwa kuuza mboga miaka yote. Umeingia katika ufundi wake, omba akufundishe. Yeye anajua mnunuzi gani hulipa na yupi huahidi, anajua siku gani viazi vya Molo huja kwa wingi na bei ikaanguka. Kiburi kikiingia sokoni, faida hutoka. Ukirudi kwenye kazi yako ya zamani, rudi na heshima kwa waliokupokea, na uendelee kununua kwao.

Nasaha ya nne: Fungua dirisha, toa jiko

Nasaha hii ni fupi lakini imebeba uhai. Katika baridi ya Lanet, mkono huenda wenyewe kwenye jiko la makaa, ukaliingiza chumbani na kufunga kila tundu. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huingia kwenye damu ikachukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa. Kila msimu wa baridi hewa hiyo huua watu nchini.

Basi usilale na jiko ndani, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Acha dirisha wazi kidogo, vaa sweta la pili, ongeza blanketi, kunywa uji wa moto. Dirisha lililo wazi litasaidia kutoa hewa ya makaa iliyobaki, na litapunguza pia vijidudu vinavyoelea chumbani pale mmoja anapougua. Kama jirani yako ana watoto na hana blanketi, yako ya akiba haina kazi sandukuni.

Nasaha ya tano: Msiba upunguze watu, usipunguze heshima

Mazishi yalipowekewa mipaka ya watu 15, tuliopenda kujaa uwanjani na kukesha matangani tulihisi kama tumekatazwa kuomboleza. Kafyu ilianza usiku wa tarehe 27 Machi 2020, ikabadilishwa saa mara kadhaa, na mikutano ya jioni ya kupanga msiba ikakosa nafasi.

Mtu akifiwa, usisubiri ruhusa ya kukusanyika ndipo ukumbuke kumfariji. Mpigie simu usikie sauti yake, kwa maana ujumbe wa maandishi haukatizwi na kilio. Tuma mchango wako hata ukiwa mdogo. Mwaka ule ada ya M-Pesa iliondolewa kwa muda kwa pesa zisizozidi shilingi 1,000, na wengi walitambua kwamba mia mbili za watu hamsini ni jeneza. Usiulize marehemu aliugua nini. Familia ikitaka kusema itasema, na ukiuliza kwa udadisi umewaongezea unyanyapaa juu ya huzuni. Kisha, miezi ikipita na njia zikifunguka, nenda. Wengi huja wiki ya kwanza. Anayekuja mwezi wa nne humkuta mfiwa peke yake, na hapo ndipo anapohitajika zaidi.

Nasaha ya sita: Wazee waliobaki nyumbani wasibaki peke yao

Nyumba za ibada zilipofunguliwa tena Julai 2020, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na umri kati ya miaka 13 na 58. Nyanya aliyekuwa akifagia kanisa kabla ya wengine kuamka akaambiwa abaki nyumbani. Sharti lilikuwa la kumlinda, lakini kulindwa bila kukumbukwa hufanana na kutupwa.

Penye mzee, mpeni zamu. Mjukuu mmoja asome naye maandiko kwa simu, mwingine amletee dawa na kuziweka mlangoni, mwingine asimame nje ya dirisha waongee. Tarehe 26 Machi 2021 Nakuru ilipofungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, hata aliyezoea kupanda barabara ya Dundori kwenda kumwona mamake Ol Kalou alizuiwa, maana huko ni kaunti nyingine. Zuio lilidumu hadi Mei mosi. Waliokuwa wamezoea kupiga simu waliendelea. Waliokuwa wamezoea kusema "nitapita wikendi" walikosa la kufanya. Jenga mazoea hayo mapema, njia zingali wazi.

Nasaha ya saba: Mwenye nyumba na mpangaji waonane mapema

Mpangaji, kodi ikikushinda, mwendee mwenye nyumba kabla ya tarehe tano. Usizime simu, usiingie kwa mlango wa nyuma usiku. Mweleze una kiasi gani na utalipa lini, na ukitoa ahadi ndogo uitimize. Anayelipa nusu huku akionekana huaminiwa kuliko anayeahidi yote akiwa mafichoni.

Mwenye nyumba, usimng'olee mtu mlango wala mabati katika baridi ya Julai. Najua nawe una mkopo na karo. Lakini mpangaji wa miaka mitano aliyekwama miezi mitatu bado ni mpangaji mwema, na chumba kitupu hakilipi mkopo. Kaeni chini, mwandikiane makubaliano, na siku zikitengemaa kila mmoja atakuwa na ushahidi kwamba mwenzake ni mtu.

Nasaha ya mwisho: Njia ikifunguka, usisahau

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, na tarehe 1 Desemba mwaka huo Nakuru ikatawazwa kuwa jiji. Dhiki ilipita, kama wahenga walivyotuahidi kwamba baada yake huja faraja. Lakini faraja nayo ina adabu zake. Mrudishie aliyekukopesha. Mshukuru aliyekupigia simu. Aliyekuuzia mboga kwa mkopo, mlipe kwanza kabla hujanunua runinga. Na yule aliyevunja masharti tukamkasirikia, tumsamehe, kwa maana wengi walivunja kwa njaa.

Sasa fanyeni jambo moja kabla ya baridi ijayo. Kila ploti, kila mtaa, kuanzia Kiamunyeki hadi Mawanga, mjuane: nani anaishi peke yake, nani ana shinikizo la damu au pumu, nani ana gari la kumkimbiza mgonjwa usiku, nani ni muuguzi. Yaandikeni mahali mtakapoyaona. Ugonjwa ukija utakuta watu wanaofahamiana, na watu wanaofahamiana hawashindwi kubadili namna ya kuishi, maana kila mmoja anamjua anayebadilika kwa ajili yake.

Mungu atujalie afya. Na akituletea mabadiliko tena, yatukute tunadaiana wema na tunalipana.