Kumbukumbu za Mtaa Ni za Nani?

Msomaji, ukivuka kwa feri kutoka kisiwani Mombasa wakati wa magharibi, ukapanda kile kilima cha Likoni pamoja na maelfu ya watu watokao kazini, utakuta kando ya njia wazee wamekaa barazani wakinywa kahawa. Baraza kama hilo liko Kisauni, liko Changamwe, na yamkini liko pia huko kwenu. Mazungumzo yake yana utaratibu ambao hapana aliyeuandika, lakini kila ajaye huufuata. Kwanza huja habari: nani amefariki, nani ameuza kiwanja, nyumba ya nani imevunjwa ili ghorofa isimame mahali pake. Habari zikiisha hufuata kumbukumbu. Hapo utasikia juu ya daraja la kale la Nyali, lile lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931 mpaka daraja la sasa la saruji lilipofunguliwa mwaka 1980; utasikia juu ya minazi iliyokuwa mahali palipo na maduka leo, na juu ya jirani ambaye hakupika chakula bila kumpelekea mwenzake sahani.

Nimekulia karibu na baraza la namna hiyo, nami nalipenda. Usidhani kuwa nimeshika kalamu ili niwakebehi wazee. Nataka kukuuliza swali moja tu, ambalo nililiona jepesi mpaka siku lilipoingia darasani mwangu: watu waliokaa pamoja wakumbukapo mtaa wao, je, wana haki ya kuchagua la kukumbuka na la kuacha?

Kusahau kwenyewe si dhambi. Kichwa cha mwanadamu hakiwezi kubeba yote yaliyopita, wala mji hauwezi. Tazama Kengeleni, upande wa Kisauni. Kila siku makondakta wa matatu huliita jina hilo mara zisizo idadi, na abiria hushuka bila kujiuliza kengele gani. Mnara wa kengele hiyo ungali umesimama njiapanda. Ni wa mji wa Frere Town, ulioanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 ili kuwapa makao watu waliotolewa utumwani, na husimuliwa kwamba kengele ililizwa kuwaonya wakazi walipoonekana wawinda watumwa. Basi abiria aitikaye "Kengeleni, shukisha!" hutamka hofu ya watu wa kale bila kujua. Hamkosei mtu. Waliohofu wamekwisha kufa, na wajukuu wao wanaijua habari yao hata kama abiria haijui. Na niongeze neno hapa, ijapokuwa ni kando kidogo ya njia yangu: wakazi wale wa kwanza walikuwa wageni kabisa. Wengi walizaliwa mbali, pande za Ziwa Nyasa na kwingineko. Wengine walikuwa wamelelewa Nasik, nchini India, kabla ya kurudishwa Afrika. Leo nani atathubutu kuwaambia wajukuu wao kuwa si wenyeji?

Changamwe vilevile imejazwa na waliotoka mbali. Reli, bandari ya Kilindini iliyo jirani, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963, vyote vilivuta watu kutoka kila pembe ya nchi wakapanga vyumba Magongo na Chaani. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mzee mmoja wa Chaani aliniambia kuwa anaikumbuka kwa hamu harufu ile ile iliyokuwa ikimnyima usingizi. Nilicheka, naye akacheka. Moyo una mambo yake; hupenda hata kero, maadamu ilikuwapo tulipokuwa vijana.

Kumbukumbu za aina hii hazina mgomvi. Lakini rudi nami Likoni, tuketi barazani muda mrefu zaidi.

Wazee wetu huzungumza waziwazi juu ya tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi na watu 272 wakafa maji. Huwataja marehemu kwa majina. Husema nani alichelewa nyumbani akanusurika, na nani aliwahi. Feri ile ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na kujaza ni kazi ya watu. Hata hivyo maji hayakumwuliza mtu kabila lake, na msiba ule tuliuombolezea pamoja.

Endelea kusikiliza, utaona kwamba kumbukumbu zikiukaribia mwaka 1997 huruka. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, kundi la watu wenye silaha lilikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kuchukua bunduki, kisha likawageukia watu waliotoka bara. Mabanda na nyumba zao zilichomwa, na wengine wao wakauawa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilichunguza ghasia hizo pamoja na nyingine za nchi, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Katika majuma yale watu zaidi ya 100 walikufa, na maelfu wakayaacha makao yao; wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni wakalala uwanjani. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba. Nakumbuka mama akifunga mlango kabla jua halijachwa. Sikuambiwa sababu, wala baadaye sikuuliza.

Sasa nikueleze kosa langu. Miaka michache iliyopita, nikifundisha Changamwe huku nikikaa Likoni, niliwapa wanafunzi wangu insha iitwayo "Mtaa wa Wazee Wetu." Waulizeni wazee nyumbani, niliwaambia, kisha mwandike jinsi mtaa wao ulivyokuwa. Binti mmoja aliandika habari za bibi yake, mtu wa bara, ambaye zamani alikuwa akiuza mahamri na maharagwe ya nazi karibu na kivuko cha Likoni. Alieleza vizuri sana ule moshi wa alfajiri, na wachukuzi wa bandarini waliokula wamesimama ili wasikose feri. Kisha akaandika kwamba usiku mmoja wa mwezi wa Agosti bibi aliondoka na watoto watatu, akaacha sufuria jikoni, maharagwe ya kesho yamerowekwa ndani yake, na tangu siku ile hajakanyaga tena Likoni.

Nilichukua kalamu ya wino mwekundu nikaandika pembeni: "Umetoka nje ya mada." Nikampunguzia alama. Insha niliyoipa alama nyingi kuliko zote iliisifu Likoni ya zamani, jinsi watu wake walivyopendana bila kujali kabila.

Binti yule hakulalamika. Alikuja mezani kwangu wenzake walipotoka, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, ulitaka niandike mtaa wa bibi wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nililitafuta jibu njia nzima, katika matatu na ndani ya feri, nikaona kwamba sikuwa nimesahihisha insha. Nilikuwa nimefanya kazi ya baraza letu: kukubali kumbukumbu ya mtu mmoja kuwa ndiyo mtaa, na kuihesabu ya mwingine kuwa nje ya mtaa.

Yamkini utaniambia, msomaji, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo naijua, nimeifundisha mara nyingi, wala siikatai. Lakini angalia inatoka katika kinywa cha nani. Aliyeumia akimwambia mwenzake kuwa yaliyopita si ndwele, amesamehe, na msamaha wake ni zawadi. Asiyeumia akimwambia aliyeumia maneno hayo hayo, amemwamuru anyamaze. Tena huwezi kumsamehe mtu deni ambalo yeye mwenyewe husema halikuwapo. Sharti deni litajwe kwanza, ndipo liweze kufutwa.

Wapo waonao hatari katika kutaja. Husema kwamba kidonda kilichokwisha kufunga kisichokolewe, na kwamba mwaka wa uchaguzi hauko mbali kamwe. Hofu yao siidharau. Kuna kutaja kulikosawa na kuchokoza: mtu akilihesabia kabila zima makosa ya kundi la watu, huyo ni mchochezi hata kama tarehe zake zote ni sahihi. Lakini kimya nacho hakikai bure. Jambo lisilosemwa barazani husemwa nyumbani usiku. Huyu huwahadithia watoto wake upande wake, na yule upande wake, wala hapana mtu karibu wa kuwaambia kwamba wamepunguza au wamezidisha. Mzee mmoja wa Mtongwe alinieleza jambo ambalo nilikuwa silijui vyema. Baada ya mashambulio ulifanywa msako mkali, na vijana wengi wa Kidigo walikamatwa na kupigwa hali hawana hatia. Yeye alikuwa mmoja wao. Nilimwuliza kwa nini sikupata kumsikia akilisema barazani. Akanijibu kuwa asingeweza kulisema bila kutaja yaliyotangulia, na yaliyotangulia hayasemwi. Nikafahamu kwamba kimya kile kile kilichomfunika yule bibi wa Changamwe kilikuwa kimemfunika na yeye.

Nilimrudishia binti alama zake, nikayafuta maneno yangu mbele ya darasa, kisha nikaomba ruhusa kwenda kumsalimu bibi yake. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umetoka Likoni leo?"

"Asubuhi, bibi. Na jioni narudi."

Nilidhani atanihadithia usiku ule, nami nilikuwa nimejiandaa kusikiliza. Hakunihadithia. Aliniuliza habari. Je, ule mwembe wa karibu na kisima ungalipo? Yule fundi wa baiskeli bado ana duka? Na mkewe hajambo, yule aliyemfundisha kupika maharagwe kwa nazi? Ndiye aliyewaficha watoto wake uvunguni mwa kitanda mpaka kulipokucha; hilo alilisema kwa haraka, kama mtu atajaye anwani, akaendelea kuuliza. Alizitaka habari kwa utaratibu ule ule wa wazee wa barazani, na zaidi ya yote alitaka kujua nani amefariki. Mama huyu alikuwa akikaa mwendo wa saa moja tu kutoka kwetu, na kwa miaka zaidi ya ishirini hapana mtu aliyempelekea hata habari ya msiba mmoja. Mtu asiyeletewa habari za misiba amekwisha kutolewa mtaani, hata kama hapana aliyemfukuza mara ya pili. Mimi sikuweza kumjibu maswali yake mengi, nikamwahidi kuwa nitauliza.

Jioni ile nilikaa barazani kama desturi. Habari zilipokwisha, kabla kumbukumbu hazijaanza, nikasema kuwa nimeonana na mama aliyekuwa akiuza maharagwe karibu na kivuko, na kwamba anawasalimu na kuwaulizia hali. Wote walinyamaza. Mwuza kahawa alisuuza vikombe vyake, akavipanga, akavisuuza tena. Kisha fundi wa baiskeli, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, akasema bila kunitazama:

"Sufuria yake ninayo mimi. Marehemu mke wangu aliiweka, akasema mwenyewe atarudi."

Nilijitolea kuipeleka. Mzee akakataa, alisema kuwa habari ya kifo cha mkewe si ya kumtuma mtu, hasa kwa yule mama. Jumamosi iliyofuata tulivuka pamoja kwa feri, tukapanda matatu ya Changamwe, yeye ameipakata sufuria, imefungwa kwa magazeti, na njia nzima hakuniruhusu nimpokee.