Mama na Baridi ya Julai

Jumapili iliyopita, kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, kaka yetu mkubwa aliandika kwamba ametoka kuongea na Mama kwenye simu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Tunamuua mzee kwa baridi. Aje Dar kwenye joto." Ndani ya dakika kumi chumba kilikuwa kimepatikana, nauli imechangwa, hata siku ya safari imetajwa. Hakuna aliyeuliza mwenyewe anasemaje. Na mimi niliyebaki hapa Moshi mjini, niliye karibu naye kuliko wote, niliafiki.

Usiku sikulala vizuri. Jumatatu nikapanda Kibosho kwa Mama, mlimani Kilimanjaro.

Anayeijua njia ile anajua mwili unavyosoma mwinuko kabla ya macho. Mjini tuko kwenye mita 800 na ushee. Kwetu ni karibu mita 1,700, na kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi sita. Nilitoka na shati, nikashuka kwenye bodaboda vidole havikunjiki. Julai kule juu ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayakatiki, na nguo iliyoanikwa Jumatatu unaikuta mbichi Alhamisi.

Mama alikuwa jikoni, sweta chini ya khanga mbili, miguu karibu na mafiga. "Shikamoo Mama." "Marahaba, baba. Umekula?" Alipoinuka kunitafutia kiti nikaona anavyoushika ukuta, goti la kulia likigoma kunyooka. Hilo liliniuma, na limeniuma wiki nzima. Kwa hiyo asije mtu akadhani naidharau hoja ya ndugu zangu. Dar es Salaam mwezi huu mchana ni nyuzi 28 au 29, viungo vya mzee vinalegea vyenyewe, hospitali kubwa ziko karibu, na watoto watano wa tumbo lake wanaishi huko. Ukiyaweka hayo kwenye mizani, upande mmoja unaelemea kweli.

Ila Mama amewahi kuishi kwenye joto hilo. Mwaka juzi, Januari, alikaa kwa dada yetu wiki tatu. Dada alimtunza kama yai. Lakini saa moja asubuhi nyumba nzima ilikuwa imeshatoka kuwahi foleni, geti limefungwa, na Mama amebaki na feni na televisheni. Miguu ilivimba. Usiku jasho, chandarua, mbu. Siku ya tisa alimuuliza dada swali ambalo dada alinisimulia huku analia: "Hivi hapa kuna nani wa kumsalimia?"

Kibosho, kabla ya saa mbili asubuhi, anakuwa ameshasalimiwa na watu sita. Anayepita na mzigo wa majani ya ng'ombe humwita kutoka njiani. Jirani huleta maziwa na kukaa. Jumapili kuna jumuiya. Kaburi la Baba liko hatua ishirini kutoka mlangoni, limezungushiwa masale, na kila jioni Mama hupita pale kabla ya kufunga kuku. Kihamba, shamba la ukoo, hakipandi basi.

Najua nitakachoambiwa: mbona Wamarekani wazee wa kaskazini wanahamia Florida na Arizona, wanaikimbia theluji na wanafurahi? Wanahamia, ndiyo. Lakini wengi wao wanakwenda kwa uamuzi wao, kwenye mitaa iliyojaa wazee wenzao. Mama angeamuliwa na kikao asichokuwamo, apelekwe mahali ambapo rika lake ni yeye peke yake.

Na kuteremka kwenye joto si jambo geni mlimani. Wachaga wa zamani walilima mahindi na maharage tambarare, kisha jioni wakapanda kulala juu, kwa sababu chini kulikuwa na homa. Vihamba vilipogawanywa mpaka vikawa vipande, vijana wengi walihamia huko moja kwa moja. Walihamia kutafuta ardhi, wakiwa na nguvu za kuanza upya. Mpwa wangu mmoja aliandika kundini kwamba tusubiri tu, mlima wenyewe unapata joto. Ni kweli barafu ya kilele cha Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na hiyo ni habari ya kusikitisha inayostahili makala yake, lakini haimsaidii mwanamke wa miaka 78 saa kumi na moja alfajiri.

Kilichonishika zaidi ni nilipoingia chumbani kwake. Nyumba aliyoijenga Baba haina dari. Unalala, juu yako ni bati, na alfajiri bati linatoa jasho linalodondokea blanketi. Sakafu ni sementi tupu. Ubao wa dirisha umepinda, upepo wa mlimani unapita kama una ufunguo. Tumepanda kila Desemba, tumechinja, tumekunywa mbege uani, tumelala humo humo, tukashuka. Mwaka huu tumechangia harusi tatu za ukoo. Dari hatujawahi kuitaja.

Hapo ndipo ninapogombana na ndugu zangu, kwa upendo wote. Baridi ya Mama ina tiba ya mbao, vioo na godoro zito, na mmoja wetu kupanda kila wiki mbili kukaa naye siku mbili tatu. Kumhamisha ni rahisi zaidi kwetu, kwa sababu tukishamhamisha, hakuna tena wa kupanda. Ikifika siku anamhitaji daktari kila wiki, atashuka, na hapo nitaomba ashukie kwangu, hospitali ya KCMC ikiwa karibu, na mlima ukionekana kutoka barazani. Siku hiyo haijafika.

Jumatano fundi alipima chumba. Bei nimeiweka kundini. Wanne wameshatuma, kaka mkubwa bado yuko kimya. Jana Mama alinipigia kuuliza fundi anakuja na vijana wangapi, ili ajue akate mkungu upi, na kama wanakula mtori au awapikie machalari.