Miaka Tisa Haifiki Kumi na Miwili

Japani haimpimi mwalimu mgeni wa Kiingereza kwa ufasaha wa ulimi tu, bali humhesabia pia miaka aliyofundishwa darasani kwa lugha hiyo. Kijana wa Ihanja, wilayani Ikungi nchini Tanzania, aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka 7, kisha sekondari miaka 6 na chuo kikuu miaka 3 kwa Kiingereza, hufikisha miaka 9, ilhali hadhi ya ukaazi ya ualimu, yaani kibali wanachopewa wasaidizi wa walimu wa lugha katika shule za umma, hudai miaka isiyopungua 12, na hata shahada ya uzamili ya miaka 2 ingemfikisha 11 tu. Kuliita pengo hilo upungufu wa elimu si haki, kwa kuwa mtoto aliyefunzwa hesabu kwa lugha anayoielewa hakupoteza kitu, ila kanuni ya uhamiaji haina safu ya kuandikia faida hiyo. Mlango uliobaki ni wa shule binafsi za mazungumzo, ziitwazo eikaiwa, ambazo walimu wake huweza kuingia kwa hadhi nyingine inayotazama shahada ya chuo kikuu, ingawa waajiri wengi huko huwapendelea waliozaliwa na Kiingereza. Anayekusudia kuomba na aihesabu miaka yake kwanza, kabla hajalipia pasipoti wala kumkabidhi wakala senti yake.