Mganga wa Watoto na Mtoto Asiyefika

Mtoto akiugua usiku katika kijiji cha upande wa Lusangi, mama yake humfunga mgongoni na kungoja mapambazuko, apate kushika njia. Zamani kazi ya mganga wa watoto ilianza pale njia ilipoishia: mtoto aliyefika alitibiwa, asiyefika hakuhesabiwa. Je, hiyo ndiyo haki? Mganga ana deni kwa mtoto aliyelazwa mbele yake tu, au hata kwa yule asiyemwona kamwe?

Mmoja wa waliolifikiri jambo hili mapema ni mganga Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyefanya kazi katika Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Aliona watoto waliovimba miguu, nywele zikigeuka rangi. Aliwauliza akina mama jina la ugonjwa ule. Wakamwambia kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Mwaka 1935 akautangaza kwa jina hilo. Dawa yake kubwa ni chakula: maharagwe, karanga na samaki pamoja na ugali wa muhogo. Basi mganga akatambua kwamba kazi yake yaanzia jikoni kwa mama.

Kasongo nayo ilitoa somo. Katika miaka ya 1970 waganga wa chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Antwerpen, Ubelgiji, walifanya kazi huko pamoja na wenyeji. Waganga walikuwa wachache, na watu wengi. Kwa hiyo wauguzi waliwekwa karibu na vijiji, katika vituo vya afya, wapate kutibu, kuchanja na kupima watoto. Naye mganga aliwafundisha, aliwazungukia, na kuwapokea hospitalini wagonjwa wazito.

Watoto wakachanjwa wasipatwe na surua. Mwaka 1981 waganga hao walitangaza neno lililowashtua wengi: yaonekana baadhi ya watoto waliookolewa na surua, kwa kuwa walikuwa dhaifu, waliuawa baadaye na maradhi mengine.

Msomaji aweza kuuliza: basi chanjo ina faida gani? Jibu: ina faida kubwa. Uchunguzi wa baadaye, katika Bangladesh na Senegal, ulionyesha kwamba waliochanjwa hufa wachache kuliko wasiochanjwa. Nayo Kongo iliona kwa machozi: katika mlipuko wa surua wa mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, watu zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Lakini onyo la Kasongo lina maana hata leo. Kumkinga mtoto na ugonjwa mmoja si kumaliza deni lake. Aliyeepushwa na surua ahitaji bado chakula, maji safi, chandarua, na mtu wa kumwangalia.

Swali la pili ni zito zaidi. Mganga akitoka hospitalini siku tatu ili awafundishe wauguzi, na mtoto akafa siku hizo, je, amekosa? Wengine husema: aliye mbele ya macho hutangulia. Neno hili lina ukweli, maana hakuna hesabu iwezayo kumfariji mama aliyefiwa. Lakini wale wafao mbali nao wana majina, na mama zao hulia vilevile. Kwa hiyo mganga afundishaye hamwachi mgonjwa, ikiwa ameacha mahali pake mtu ajuaye kazi. Akitoka bila kuacha mtu, amekosa. Akikaa miaka yote bila kumfundisha mtu, amekosa pia.

Wala deni hili si la mganga peke yake. Mwuguzi akifika kijijini na chanjo, na baba akamficha mtoto shambani. Jirani akiona mtoto wa mjane amevimba miguu, naye akanyamaza. Wazee wakiiacha njia ya kituo izibwe na majani: hao nao watadaiwa. Mkono mmoja haulei mwana.