Chozi, Mama na Siku Aliyorudi



Nje ya dirisha langu hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, chozi jike amening'iniza kiota kwenye tawi la mlimao. Mnamjua chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza utamu wa maua. Huko juu msituni ipo hata aina ya chozi isiyopatikana popote duniani ila Uluguru. Huyu wangu ni wa kawaida tu.

Karibu mwezi mzima nimemtazama baada ya masifu ya asubuhi. Alifunga majani makavu kwa utando wa buibui mpaka kikawa kifuko chenye mlango ubavuni. Dume, anayeng'aa, alikuwa juu akiimba. Jike, wa kijivu, ndiye aliyefanya kazi.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikamkuta yumo, mdomo tu unachungulia. Nikasema, huu ndio upendo! Halafu falsafa ikanishika shati: kweli ni upendo?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne ya 13, anamtaja ndege anayeokota majani makavu: haokoti kwa sababu yanapendeza, bali anatambua yanafaa kwa kiota. Utambuzi huo amepewa na maumbile. Hakai akapima, akachagua. Chozi hawezi kusema, "Leo nimechoka, naondoka." Kazi yake inamtukuza Mungu aliyemuumba, lakini yeye mwenyewe hatumdai wala hatudai kwake shukrani.

Hapo nikamkumbuka mama. Ni mkulima wa Mgeta. Ada yangu ilitoka kwenye njegere na kabichi. Likizo moja, tukimenya viazi, aliniambia: "Mwanangu, baba yenu alipofariki, mjomba wako alinitafutia kazi Dar. Niliwaacha kwa bibi, nikafika na mzigo mpaka barabarani. Nikarudi."

Niliumia. Mama gani anawaza kuwaacha wanawe? Sikusema kitu, ila kwa miezi simu zangu zilipungua.

Kumbe nilitaka mama awe chozi. Tunasema "mama ni mama", tukidhani tunamsifu, kumbe tunamnyang'anya sifa yake. Kama hakuweza kufanya vingine, tunamshukuru kwa lipi? Mama aliweza. Barabara ilikuwepo, gari lilikuwa linakuja. Akageuka.

Hata sisi tulio kwenye malezi, na ninyi mlio kwenye uchumba au kazi ngumu, tusiogope sana siku tunapotamani kuondoka. Hamu ya kuondoka haithibitishi kwamba hatupendi. Pengine ndipo upendo unapoanza kuwa wa kwetu.

Jana nilimpigia. "Shikamoo mama. Asante kwa ile siku uliyorudi."

Akanyamaza kidogo. "Marahaba. Umekula?"

Na wewe, nani alirudi kwa ajili yako? Mwambie kabla ya Jumapili.